Karata nzuri ndiyo imponzayo mchezaji

Katika khutba na mawaidha mengi yanayotolewa juu ya kamari kuna neno moja lililorudiwarudiwa mpaka limekuwa kama methali, nalo ni kwamba kamari ni mchezo wa wajinga. Mimi kwa upande wangu silikubali neno hilo. Kwanza si kweli, maana nimewaona wengi walioangamia kwa kamari nao ni watu wepesi wa hesabu na wenye kumbukumbu nzuri. Pili, neno lenyewe lina madhara. Kijana anayejijua kuwa si mjinga akilisikia husema moyoni mwake kwamba mawaidha hayo hayakumkusudia yeye, akatoka msikitini na simu yake mfukoni kama alivyoingia.

Nasema hivi kwa kuwa nimeishi miaka kadhaa Nyanza Kusini kwa shughuli za biashara, nikienda na kurudi baina ya Homa Bay na Migori. Kwa faida ya wasomaji wa pwani ambao hawajafika huko, Homa Bay ni mji ulio kando ya Ziwa Victoria, na Migori uko kusini yake, karibu na mpaka wa Tanzania wa Isebania. Zamani sehemu hizo zote zilikuwa wilaya moja, na leo ni kaunti mbili. Waislamu wapo, na wasafiri wengi huujua msikiti wa zamani wa Kendu Bay, mji uliokuwa bandari ya meli za ziwa.

Fedha za watu wa huko hutoka majini na ardhini. Mvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hutoka usiku wa giza akawavuta kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na mitumbwi hupumzika ufukoni kwa siku kadhaa. Upande wa Migori, katika sehemu za Nyatike na Macalder, kuna wachimba dhahabu wadogo ambao leo hupata na kesho hukosa. Basi hao wote ni watu wanaoshika fedha taslimu kwa vipindi, na baina ya kipindi na kipindi huwa wamekaa bure. Hapo ndipo karata zinapotoka, na ajua, ambayo ni jamaa wa bao letu, na dama ya vizibo vya soda. Hapo pia ndipo simu inapotolewa, na katika vituo vya masoko, mashine za kutumbukiza sarafu.

Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya nifikiri kwamba tumekuwa tukiwaonya watu mahali pasipo na hatari, na mahali penye hatari tumewaacha peke yao. Mwenye karata mbaya hahitaji kuonywa, kwani karata zenyewe humwambia ainuke. Anayehitaji kuonywa ni mwenye karata nzuri.

KARATA NA LUGHA YETU

Kabla sijaeleza, nataka kuwakumbusha wasomaji kwamba karata si jambo geni kwetu. Wareno waliojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, wakaja kutolewa na Waarabu wa Omani mwaka 1698, walituachia maneno ya mchezo huu, nasi tumeyatumia mpaka leo: karata, kopa, uru, shupaza, pau, turufu. Hata ree, ambayo kwetu ni karata ya alama moja, imetokana na neno lao la mfalme. Picha tumeziita wenyewe kwa mzaha wetu wa Kiswahili: mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne. Kwa hiyo nikizungumza habari za ree na mzungu wa nne, wazee wa barazani watanielewa upesi kuliko vijana.

Mchezo ninaotaka kuufanya mfano ni poka. Siikusudii ile wanayoiita poka vijana wa Kenya, ya kuondoa karata mkononi moja baada ya moja mpaka mtu atangaze kwamba yuko kadi. Naikusudia ile ya Kimarekani, ambayo mashindano yake makubwa yalianza kufanywa Las Vegas mwaka 1970. Wala sisemi kwamba poka hiyo ndiyo mchezo wa Homa Bay au Migori. Nimeichagua kwa sababu ndani yake yule adui ninayemsema huonekana waziwazi, na akishaonekana huko ni rahisi kumtambua mahali pengine.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha huwekwa mezani karata tano za wote, zikiwa wazi: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kila mtu huunganisha zake na zile za mezani, na mwenye mkusanyiko bora wa karata tano ndiye mshindi. Baina ya hatua hizo watu huweka dau. Asiyetaka kuendelea huziweka karata zake chini, naye huwa amepoteza kile alichokwisha kuweka, lakini hapotezi zaidi.

Sasa tuseme mkononi mwako una ree na mzungu wa nne, na mezani zimeanguka ree, tisa na nne. Umepata ree mbili, nayo ni jozi kubwa kuliko jozi yoyote inayoweza kufanywa kwa karata zile tatu. Wachezaji huiita jozi ya juu. Ni karata nzuri, na si ya kila siku. Mtu aliyepewa karata mbili zisizolingana hupata jozi au zaidi katika zile tatu za kwanza karibu mara moja tu kwa kila mara tatu, na nyingi za jozi hizo huwa si za juu. Kwa hiyo ikija, moyo hufurahi, na mkono huenda wenyewe kwenye vipande vya kuwekea dau.

Lakini nzuri si bora. Jozi ya juu hushindwa na jozi mbili, na karata tatu za namna moja, na mfuatano, na karata tano za rangi moja. Hata mpinzani ambaye bado hajapata kitu anaweza kuwa njiani. Mwenye shupaza nne huku zimebaki karata mbili kufunuliwa ana shupaza 9 za kumfaa katika karata 47 asizozijua, na huipata moja mara 35 katika kila mara 100. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyeweka vyote alivyo navyo.

MWISHO WA MCHEZO

Mwanzoni mwa mashindano, kupoteza kwa jozi ya juu si msiba. Mchezaji ana vipande vingi, dau la lazima ni dogo, na akipunguziwa hubakiwa na vya kumtosha. Mambo hubadilika mwisho unapokaribia. Dau la lazima limekuwa kubwa, vipande vimekuwa haba, na kila uamuzi ni wa kufa au kupona. Na hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaifikirii, nayo ndiyo kiini cha maneno yangu.

Tuseme zawadi zote ni shilingi 100,000, na zimegawanywa hivi: wa kwanza 50,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000. Wamebaki watu wanne. Mmoja ana vipande vingi mno, mwingine hana ila vichache vya kumaliza duru moja au mbili, na wewe uko katikati. Unapata jozi yako ya juu, na yule tajiri anasukuma mbele vipande vyake vyote. Ukimfuata ukashinda, vipande vyako vitakuwa mara mbili, lakini fedha zako hazitakuwa mara mbili, kwa sababu hata aliyekusanya vipande vyote mezani hapewi shilingi 100,000, hupewa 50,000. Ukimfuata ukashindwa, unatoka mtu wa nne, mikono mitupu, na yule maskini wa vipande aliyekuwa amekwisha kufa anachukua 20,000 zilizokuwa karibu kuwa zako. Kwa maneno mengine, wakati huo kipande unachokipoteza kina thamani kubwa kuliko kipande unachokipata.

Kuna na swali la pili, ambalo ni la kuujua moyo wa mwenzako. Jozi ya juu ni nzuri ukiilinganisha na karata za watu wote. Lakini wewe hupambani na watu wote. Unapambana na yule mmoja aliyekubali kuweka kila kitu mwisho wa mchezo, na mtu huyo si wa kawaida. Pengine anatisha tu. Pengine anacho. Mchezaji mahiri hajiulizi kama karata zake ni nzuri; hujiuliza kama ni nzuri mbele ya yule aliyebaki. Na mara nyingi, baada ya kujiuliza, huziweka ree zake mbili chini, akanyamaza, akangoja.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba jibu ni hilo siku zote. Kama vipande vyako vimebaki vichache kiasi kwamba dau la lazima litakumaliza ukingoja, basi jozi ya juu inatosha sana, na kuiogopa ni kufa polepole. Ustadi uko katika kuzitenganisha hali hizi mbili. Lakini wanaosimulia mchezo huu wote hukubaliana juu ya jambo moja: karata mbaya humtoa mtu vipande vichache vichache, na karata nzuri isiyo bora ndiyo humtoa kwa mkupuo mmoja.

MKEKA NA MBACHA

Sasa turudi ziwani. Kijana wa Mbita au wa Rongo hachezi poka. Yeye ana mkeka. Kwa wasiojua, mkeka ni karatasi, au siku hizi ukurasa wa simu, ambao mtu huchagua ndani yake matokeo ya mechi nyingi za mpira kwa pamoja, na hapati kitu mpaka yote yawe kama alivyosema. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, mtu hana haja hata ya kuondoka alipoketi ili aweke shilingi zake 50 au 100.

Natutazame hesabu yake. Tuseme kijana wetu amechagua mechi 10, na kila moja ina uhakika wa 70 katika 100. Ukimwuliza juu ya mechi yoyote atakueleza kwa ushahidi, mchezaji gani ameumia, timu gani haijafungwa kwao, na huwezi kumshinda kwa hoja. Si mjinga hata kidogo. Lakini uhakika wa 70, ukiuzidisha mara 10, hubakia chini ya 3 katika 100. Yaani katika mikeka 100 ya namna hiyo, 3 tu ndiyo itakayotimia.

Hapa wahubiri wetu husimama. Wanasema, umeona? Ni 3 katika 100, basi acha. Lakini wanasahau kuuliza ile 97 mingine inakwendaje. Nami nimeipiga hesabu. Katika hiyo 97, mikeka 12 itakosa kwa mechi moja tu, na 23 itakosa kwa mechi mbili. Jumla ni mikeka 35 katika kila 100 ambayo imekuwa karibu sana kutimia. Kwa kila mara moja anayopata, kijana huyu ataonja mara kumi na zaidi utamu wa kukaribia kupata. Hiyo ndiyo jozi ya juu. Anayeuza mikeka kwa kweli anauza karata nzuri zisizo bora, naye anazo kwa wingi.

Na mwenye kukosa kwa mechi moja hafanyi kama aliyekosa kwa mechi sita. Aliyekosa kwa sita hucheka na kutupa karatasi. Aliyekosa kwa moja hukaa akifikiri. Husema: nilikuwa najua, ni dakika ya mwisho tu iliyoniharibia, basi mimi hili jambo naliweza. Wiki ijayo shilingi 100 huwa 500. Nimewasikia kwenye ufuko wa ziwa, usiku wa mbalamwezi, wakisimulia mkeka uliokosa kwa bao moja kama baharia anavyosimulia nahodha aliyeiona nchi kavu kabla ya jahazi kuzama. Sijasikia hata mmoja akisimulia mkeka uliokosa kwa mechi sita.

Tena kuna makato yasiyoonekana. Mechi yenye uhakika wa 70 ilistahili kulipa kama shilingi 1.43 kwa kila shilingi moja. Kampuni ikilipa 1.35, tofauti huonekana ndogo, senti nane tu. Lakini katika mechi 10 senti hizo huzaana. Mkeka wa shilingi 100 uliostahili kulipa zaidi ya shilingi 3,500 hulipa kama 2,000. Anayeshinda hushangilia hizo 2,000 wala hajui kwamba 1,500 zake zimebaki kwa mwenye duka.

Katika mashindano ya poka, yule mwenye jozi ya juu ana njia ya kujiokoa, maana anapambana na binadamu kama yeye. Binadamu huchoka, hutisha bila kitu, hukasirika, na mwenye akili anaweza kumsoma usoni. Kijana wa mkeka hana uso wa kuusoma. Anapambana na hesabu yenyewe, na hesabu haina hasira wala usingizi. Ndivyo ulivyo hata ule mchezo wa ndege ya simuni, ambapo malipo hupanda kadiri ndege inavyopaa, na mtu hutakiwa achukue chake kabla haijatoweka. Wenyewe wenye mchezo hutangaza kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 97 hurudi kwa wachezaji. Maneno hayo husikika kama ukarimu. Lakini mchezo hauchukui hata dakika nzima. Mwenye shilingi 100 akiziweka zote, na zinazorudi akaziweka tena, mpaka mara 50, kwa wastani hubakiwa na shilingi 22. Mara 50 ni kazi ya muda mfupi tu wa kungoja chai ichemke.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Inastaajabisha kwamba vijana wameuita mchezo wao mkeka, kana kwamba methali ilikuwa inawangojea. Mbacha ni ile nauli ya kurudi nyumbani, ni karo ya mtoto, ni fedha ya kununulia nyavu mwezi ukiisha. Ni mikuukuu, haina mapambo, lakini ndiyo aliyonayo mtu.

HOJA YA MVUVI

Huwa naambiwa, na hoja hii si ya kupuuza: lakini hata uvuvi ni kamari. Mtu hutupa wavu gizani asijue atatoa nini. Mchimbaji wa Nyatike hushuka shimoni kwa matumaini tu, na akiuona mshipa wa dhahabu huendelea kuchimba hata mvua zinapokaribia na kuta zinapolegea. Je, huyo naye hajashikwa na jozi yake ya juu?

Nakiri kwamba mchimbaji huyo ameshikwa, na hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenye simu, kwa sababu yeye ameweka roho yake. Mwenye kumwonya naye aseme vivyo hivyo: usiogope shimo lisilo na kitu, ogopa lile lililokuonyesha kidogo. Lakini kuita kazi yake kamari ni kuchanganya mambo. Mvuvi aliyerudi bila samaki hakumpa mwingine wavu wake, kesho anao. Aliyepata samaki hakuwapata kwa sababu jirani yake amekosa. Na kilichopatikana ni chakula, kinaliwa Homa Bay na kinasafirishwa mbali. Kwenye mkeka hakikutengenezwa kitu chochote. Fedha ni zile zile, zimetoka mifukoni mwa wengi zikaingia kwa wachache, na mwenye duka amekata fungu lake njiani.

Wanavyuoni wetu waliitambua tofauti hii zamani. Ndiyo maana fiqhi humruhusu mtu kuvua, na kumwajiri mvuvi, na kuuza samaki aliyekwisha kuvuliwa, lakini ikamkataza kumuuza samaki aliye bado majini. Bahati iliyo ndani ya kazi ni riziki ya Mwenyezi Mungu. Bahati iliyofanywa ndiyo bidhaa yenyewe ni jambo jingine.

DINI ILIVYOSEMA

Sisi watu wa pwani, wengi wetu tukiwa wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, tumerithi mazungumzo marefu kuhusu michezo. Wanavyuoni wa madhehebu hayo waliweka kipimo: mchezo unaotegemea hesabu na fikra hauharamishwi kwa sababu hiyo peke yake, na mchezo unaotegemea kubahatisha huharamishwa. Wapenzi wa poka wakisikia hivyo hufurahi, maana husema mchezo wao ni wa fikra, na mimi mwenyewe nimeeleza hapa kwamba fikra imo, tena nyingi. Lakini kipimo hicho ni cha mchezo usiokuwa na dau. Fedha zikishawekwa pande zote mbili ili mmoja azichukue, imekuwa maisiri, na ustadi wa mchezaji hauibadilishi hukumu, kama vile ustadi wa mpishi usivyobadilisha hukumu ya nyama ya nguruwe.

Na tazameni Qurani ilivyolieleza jambo hili. Katika Surat al-Baqara, aya ya 219, haikusema kwamba kamari haina faida yoyote. Imekubali kwamba zimo faida kwa watu, kisha ikazipima na dhambi yake, na dhambi ikawa nzito zaidi. Wafasiri husimulia kwamba Waarabu wa zamani walikuwa wakipiga mishale ya bahati juu ya mafungu ya ngamia aliyechinjwa, na walioshinda wakiwapa maskini nyama. Hiyo ilikuwa faida ya kweli. Kisha katika Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, ukaja mkato wa jambo, na zikatajwa sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na kumkumbuka Mungu na kuswali. Wacheza kamari hawakuitwa wajinga katika aya hizo. Walipewa hesabu, faida upande huu na hasara upande ule. Basi kwa nini sisi tumeiacha njia hiyo ya kusema na watu kama watu wenye akili, tukashika njia ya kuwatukana?

LA KUFANYA

Serikali ya Kenya imefanya yake. Sheria ya kamari ya mwaka 1966 ilidumu karibu miaka 60, na mwaka 2025 ikabadilishwa kwa sheria mpya. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yake kwa siku 30. Ni hatua za maana. Lakini tangazo lenye nguvu kuliko yote halipigwi redioni. Ni lile la mtu mmoja aliyepata. Mwaka 2003, mhasibu mmoja wa Kimarekani aitwaye Chris Moneymaker alishinda mashindano makubwa ya poka ya Las Vegas na kupata dola milioni 2.5, naye alikuwa ameingia kwa mlango wa mchezo mdogo wa intaneti wa dola chache. Baada yake watu wakafurika katika mchezo huo duniani kote. Walioingia mashindano yale walikuwa 839. Wale 838 wengine ni nani anayewataja?

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwa walimu wa madrasa na wa shule, huko Kendu Bay na Migori na huku kwetu Mombasa, Malindi na Lamu, maana simu ni ile ile na mkeka ni ule ule. Watenge saa moja tu. Wawape vijana mfuko wenye kete 7 nyeupe na 3 nyeusi, kila mmoja achomoe moja na kuirudisha, mara 10, na aandike. Watajionea kwa macho yao jinsi nyeupe kumi mfululizo zilivyo adimu, na jinsi nyeupe nane au tisa zinavyotokea mara kwa mara. Hapo mwalimu aseme: hizi nane na tisa ndizo zitakazowaleteni shida maishani. Kijana atakayeyaona hayo kwa mkono wake, mkeka ukikosa kwa mechi moja hatasema kwamba alikaribia. Atasema kwamba mambo yamekwenda kama kawaida yake.

La pili ni kwa wazazi na wenye mawaidha. Tusingoje mpaka mtu afilisike ndipo tumwendee. Aliyefilisika anajua kuliko sisi. Tumwendee yule aliyepata juzi, anayetembea kifua mbele na kununulia wenzake soda, na yule anayesimulia alivyokosa kwa bao moja. Huyo ndiye aliye katika hatari, naye ndiye ambaye hakuna anayemwonya, kwa kuwa anaonekana mzima. Tumwambie kwa adabu kwamba tunajua ana akili, na kwamba hicho alichonacho mkononi ni kizuri kweli, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo akiweke chini.

Na kama vijana wa ziwani na wa pwani wanataka kuonyeshana ustadi mwezi unapowaka, ajua ipo na bao lipo, na hakuna haja ya mtu kulala njaa ili mwenzake ajulikane kuwa ni bingwa. Mola atuongoze sote, amin.